Tusipimane kwa Kasi ya Kupoa

Somo: Isaya 51:1-2, 1 Petro 2:5



Nabii Isaya anasema na watu waliochoka. Anawaambia wakumbuke mwamba walikotoka, kisha anawatajia mwamba huo ni nani: Ibrahimu na Sara. Wazee hao mnawajua. Waliacha kwao, wakakaa hemani ugenini, na mtoto wa ahadi akawachelewea. Ibrahimu alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa.

Leo tuutazame mwamba wenyewe, maana aliyeuumba ameweka fundisho ndani yake.

Miamba ni ya aina tatu. Ya kwanza hutokana na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, yanapopoa na kuwa magumu. Ya pili hutokana na mchanga, tope au makombe ya baharini, tabaka juu ya tabaka, mpaka vikashikamana. Mawe mengi ya chokaa ni ya namna hiyo. Ya tatu ni mwamba uliokuwapo tayari, ukabanwa na kupata joto kali bila kuyeyuka, ukageuka. Ndivyo chokaa inavyokuwa marumaru. Wala hakuna mwamba uliomaliza safari. Ukifika juu, mvua na jua huusaga kuwa mchanga, na kazi huanza upya.

Sasa shikeni jambo moja. Magma ileile huweza kuzaa mawe mawili yasiyofanana. Ikimwagika nje hupoa upesi, ikawa basalti, ambayo chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Ikibaki chini, imefunikwa, hupoa polepole kwa maelfu ya miaka, na chembe zake hukua mpaka ukaziona. Hilo huitwa gabro. Vilivyomo ndani ni vilevile. Kilichotofautiana ni mahali na muda.

Ndugu zetu wa Goma wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Baadaye watu waliyavunja mawe yale wakajengea. Lakini lava nene hupoa juu kwanza. Unaweza kuona ukoko mweusi mgumu, kumbe ndani bado ni moto.

Humu kanisani tuna familia zilizotoka kambi moja, zikafika Marekani mwaka mmoja. Huyu baada ya muda mfupi anaongea Kiingereza, ana leseni na gari. Yule mwaka wa sita bado anakwenda kwa daktari na mtoto wa kumtafsiria. Nasi tumesema maneno: "Miaka yote hiyo wanafanya nini?" Kwa ajili ya maneno hayo wako walioacha kuja ibadani. Waliondoka kimya, tusiwaone.

Wodini, wagonjwa wawili wakipasuliwa siku moja kwa ugonjwa uleule, mmoja hutembea kesho yake, mwingine baada ya wiki. Hatumwambii wa pili kwamba hataki kupona. Tunaangalia alikuja na nini: umri, sukari, upungufu wa damu. Basi na sisi tuulize mwenzetu alibeba nini. Alizika nani njiani? Alikaa kambini miaka mingapi?

Na wewe uliyepoa upesi, unayesifiwa na wote, lakini usiku hulali na presha inapanda: usijifiche nyuma ya ukoko. Mwambie mchungaji, na mwone daktari. Kutafuta msaada si kukosa imani.

Petro anatufundisha kwamba sisi ni mawe yaliyo hai, tunaojengwa kuwa nyumba moja. Fundi mwenye hekima hatupi jiwe kwa sababu limechelewa kufika. Ana mahali pake ukutani.

Wiki hii kila mmoja aende nyumba moja ya wale tusiowaona siku hizi. Usiende na swali la "mbona mmepotea?" Nenda na unga, kaa, sikiliza.

Ee Mungu wa Ibrahimu na Sara, wewe uliyewangojea wazee wetu, tufundishe kungojeana. Kwa jina la Yesu. Amina.