Oringi Iliyovimba

Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru, bomba la kupigia dawa mara nyingi ni mali ya ukoo. Leo liko kwa mjomba, kesho kwa shemeji, keshokutwa kwa jirani aliyeomba kwa heshima. Ni la lita 16, maana yake likijaa linazidi kilo 16 mgongoni, na anayelibeba anapanda na kushuka mashamba yaliyosimama. Kabichi, karoti na njegere zinazoshuka kwa malori kutoka Nyandira kwenda Morogoro na Dar es Salaam zimelimwa kwa kazi hiyo.

Kisa hiki ni cha mjomba na mpwa wake. Sitaji majina, maana wakulima wengi wa kule watajiona humu.

Bomba la mjomba lilianza kuvuja kwenye mfuniko. Kila alipoinama kupiga dawa kabichi za mstari wa chini, matone yalimwangukia kisogoni. Mjomba ni mtu makini. Aliacha kazi, akafungua mfuniko na kuitoa oringi, ile pete ya mpira inayouziba. Aliikuta laini, imevimba, ukiibana kwa ukucha alama haiondoki. Akaiosha kwa sabuni, akaifunga kwenye karatasi, akamkabidhi mpwa wake aliyekuwa anashuka mjini na lori la mboga.

"Usikadirie kwa macho, mwanangu. Waoneshe hii, wakupe inayolingana nayo."

"Sawa, mjomba."

Kijana alifanya kama alivyotumwa. Dukani walishusha waya wenye oringi nyeusi za kila saizi, muuzaji akazijaribu moja moja juu ya ile ya zamani mpaka akapata iliyolingana nayo kabisa. Bei yake haikufika ya soda. Kijana aliuliza kama ni mpira mzuri, akajibiwa kwamba mpira ni mpira. Akalipa.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna aliyezembea. Dawa nyingi za wadudu, hasa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikikutana na maji, huwa zimeyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya mafuta, kama zailini. Mpira wa asili huvinyonya vimiminika hivyo. Hulainika, hunenepa na kutanuka. Mpira wa tyubu kuukuu, ambao wengi wetu tunaukata kwa wembe kuziba bomba, nao hauko salama. Kila mara mjomba alipomimina dawa kali kabla ya kuichanganya, michirizi iligusa mdomo wa bomba, na oringi ikaendelea kukua kidogo kidogo. Kwa hiyo kijana alikuwa amebeba kipimo cha mpira ulioharibika, na duka likampa mwingine wa kipimo hicho hicho.

Jioni mjomba aliivisha. Ilikuwa kubwa kuliko mfereji wake, ikajikunja upande mmoja, naye akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Akajaza maji matupu, akafunga, akalitikisa bomba, akaliinamisha. Halikutoka tone. Ukitazama utaona kwamba alifanya karibu kila kitu ambacho bwana shamba angemshauri. Lakini maji hayaulainishi mpira, na jaribio la maji halikuweza kumwonesha yatakayotokea dawa ikiingia.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, lile kunjo lilikuwa limelegea na kuacha mwanya. Shati lilimlowa mgongoni, akadhani ni jasho. Dawa ilifuata uti wa mgongo hadi kiunoni, ikashuka kinenani. Ngozi ya mwili hainyonyi sawa kila mahali. Uchunguzi uliofanywa kwa binadamu kwa dawa ya parathion ulionesha kwamba ngozi ya korodani iliinyonya zaidi ya mara 10 kuliko ngozi ya mkono. Dawa za jamii hiyo, za oganofosfeti, kama ile ya mjomba, huzuia kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukitegemea ili misuli na tezi zitulie baada ya kazi.

Jioni alishikwa na kichwa. Akatokwa mate mengi, macho yakaona ukungu, kope zikawa zinacheza zenyewe, kisha akatapika. Nyumbani wakasema malaria. Ni mpwa wake aliyenusa lile shati. Walimvua nguo zote, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamkimbiza hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Alitibiwa kwa atropini, akapona. Ile lebo ilimsaidia daktari kuliko maelezo yoyote.

Shida hii haiko Uluguru tu. Wazamiaji wa bahari za baridi huvaa suti isiyoingiza maji, yenye mpira mwembamba shingoni na mikononi. Mpira huo ukichakaa, anayenunua mwingine hupima shingo yake mwenyewe, maana mpira uliolegea hudanganya. Na mpira wa bei kubwa nao una adui wake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa wote 7 waliokuwamo. Oringi za roketi yake zilikuwa za Viton, mpira unaosifiwa kwa kustahimili kemikali, ila baridi ya asubuhi ile iliukakamaza ukashindwa kuziba.

Basi ukishuka Morogoro kununua oringi ya bomba, taja aina na modeli ya bomba lenyewe. Ikiwezekana beba mfuniko mtupu uliooshwa vizuri, oringi ijaribiwe ndani ya mfereji wake. Ile ya zamani iache nyumbani. Uliza ni mpira gani. Nitraili hustahimili mafuta kuliko mpira wa asili, na Viton hustahimili zaidi. Oringi ikilazimika kusukumwa kwa kidole gumba ili iingie, irudishe. Bomba likianza kuvuja shambani, livue hapo hapo na uoge, hata kama imebaki mistari miwili. Wala usilioshee mtoni, kwa sababu maji ya Mgeta huingia Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam.

Nanyi wenye maduka ya pembejeo, tafadhali zitoeni oringi hizo kwenye waya. Ziwekeni kwenye vifuko, kila kimoja kimeandikwa jina la bomba na aina ya mpira, na mteja akiuliza, msimwambie kwamba mpira ni mpira.