Bendera na Lango la Cádiz

Cádiz haina uwanja wake wa ndege. Mgeni hushukia Jerez au Sevilla, halafu hupanda treni, na kutoka Sevilla safari haizidi sana saa moja na nusu. Mashamba yanapita, yanafuata mabwawa ya chumvi, na baada ya stesheni ya San Fernando nchi inakonda ghafla hadi kubaki ukanda mwembamba wa mchanga. Kushoto ni Atlantiki, kulia ni ghuba. Ncha ya ukanda huo, kama ngumi kwenye mkono uliodhoofika, ndipo ulipo mji ambao Wafoinike waliuanzisha takriban miaka 3,000 iliyopita wakauita Gadir, yaani boma.

Abiria wengi wakifika hapo wanaanza kushusha mabegi. Wachache wanakumbuka kwamba kwenye ukanda huohuo, Novemba 1, 1755, watu walikufa kwa kufanya jambo la busara: walikimbia.

Ilikuwa Jumamosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Karibu saa nne asubuhi ardhi ilitikisika. Kitovu cha tetemeko kilikuwa chini ya bahari, kusini-magharibi mwa Ureno. Lisbon, kilomita 350 hivi kutoka Cádiz, ilianguka, ikagharikishwa na bahari na kuungua kwa siku kadhaa; waliokufa huko wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi walikuwa misani. Cádiz haikuumia sana kwa mtikisiko wenyewe. Watu walitoka nje, wakahesabiana, wakaona wamepona. Saa moja na ushee baadaye ikaja bahari. Ilibomoa ukuta wa mji upande wa La Caleta, ikasukuma vipande vya mawe vyenye uzito wa tani kadhaa, ikaingia La Viña, mtaa wa wavuvi.

Kuhusu kilichotokea baada ya hapo, mji una masimulizi mawili.

La kwanza ni la La Viña. Padre mmoja alikuwa akisoma misa katika kanisa la La Palma. Aliposikia vilio alichukua bendera ya Bikira Maria, akatoka nayo barabarani, akaisimika mbele ya maji na kumwomba Mama yasivuke pale. Maji yakarudi. Hadi leo, kila Novemba 1, wenyeji humtembeza Bikira wa La Palma katika njia ileile, ambayo siku nyingine za mwaka imejaa meza na harufu ya samaki wa kukaanga.

La pili ni la serikali. Gavana aliamuru Puerta de Tierra, lango la kutokea upande wa nchi kavu, lifungwe. Mtu anaweza kuwaza matusi aliyoporomoshewa na waliokuwa wameshika watoto mikononi, wamezuiwa kuukimbia mji uliokuwa ukiingia maji. Waliofungiwa ndani walipona. Waliokwisha kutoka walikutwa ukandani, mahali ambapo mawimbi yalipita kutoka Atlantiki hadi ghubani kana kwamba hapakuwa na nchi katikati.

Ni nani basi aliyeuokoa mji? Swali hilo linafaa kwa mabishano ya barazani, ila si gumu. Muumini atasema Mungu alitumia bendera, akatumia na lango. Asiyeamini atasema kila wimbi hurudi, liwe limewekewa bendera au la. Kila mmoja atakwenda zake akiwa ameridhika. Swali lenyewe liko nje ya lango: aliyepona anaposema Mungu ameniokoa, anasema nini kuhusu yule aliyezama hatua mia tano kutoka kwake?

Wasomi wa Ulaya walilishika tetemeko lile kwa mikono miwili. Voltaire alichapisha shairi mwaka 1756 kuwakejeli waliofundisha kwamba yote yatokeayo duniani ni mema, na miaka mitatu baadaye akaendeleza kejeli hiyo katika riwaya ya Candide. Rousseau alimjibu kwa barua kwamba maumbile hayakujenga yale maghorofa yaliyosongamana Lisbon. Binadamu ndiye aliyeyajenga. Kant, kijana bado, aliandika makala 3 akitafuta chanzo ndani ya ardhi badala ya dhambi za watu. Huko Lisbon kwenyewe, Mjesuiti Malagrida alihubiri kuwa ile ilikuwa adhabu, huku waziri Pombal akituma maswali kwa mapadre wa parokia: mtikisiko ulidumu muda gani, bahari ilianza kwa kujaa au kupwa? Pombal hakuuliza nani alitenda dhambi, na ndiyo maana wanajiolojia bado wanamshukuru.

Lakini hao wote walikuwa wakijadili kifo. Watu wa La Viña walikuwa wakijadili uhai, na mantiki yake ni nyingine. Msibani kwetu husemwa kazi ya Mungu haina makosa, na aliyefiwa huitikia kwa kichwa, hata kama moyo haujaafiki. Aliyechelewa basi asubuhi, basi likapinduka mchana, husimama Jumapili kanisani kutoa ushuhuda; Mwislamu husema alhamdulillahi na kutoa sadaka. Ni vigumu kuwalaumu. Hata hivyo, kama ndani ya kanisa hilohilo ameketi mjane wa abiria aliyewahi basi, ushuhuda ule unamfikia ukiwa na makali ambayo msemaji hakuyakusudia.

Desemba 26, 2004, tsunami iliyotoka Sumatra ilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na saa kadhaa za kupata habari, na watu wakaondolewa ufukweni. Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kuwaondoa, walikufa mamia. Ukisema Mungu aliwapenda Wakenya zaidi, utaona mwenyewe jinsi kauli hiyo isivyotamkika. Aliyeshukuru Mombasa siku ile hakuwa amekosea, bali shukrani yake haikuwa maelezo, na haikupaswa kugeuzwa kuwa maelezo.

Pengine ndiyo sababu maandamano ya La Palma yanavumilika hata kwa mgeni asiye na dini. Bikira hubebwa kuelekezwa baharini, kule maji yalikotoka, na walio nyuma yake ni wajukuu wa waliobakia. Waliozama ukandani, upande wa pili wa mji, hawana bendera yao.

Miongoni mwao alikuwamo kijana Mfaransa, mjukuu wa Jean Racine, mwandishi mkuu wa tamthilia. Baba yake, Louis Racine, alikuwa mshairi naye, na mwaka 1742 alichapisha shairi refu la kuitetea dini dhidi ya wanaoishuku, lililoitwa La Religion. Hoja zote alikuwa nazo tayari, kwa vina na mizani. Habari ilipomfikia kutoka Cádiz, aliuza maktaba yake, akajitoa kwa ibada, akaishi hivyo hadi alipofariki mwaka 1763.