Betri Mpya, Gari Lile Lile?

Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971, na tena 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Leo, mwenye gari kama hilo anayepanda kona za barabara ya Embu–Meru, betri ikimfia, hukutana na swali zito kuliko bei: likibadilishwa kipande baada ya kipande, bado ni gari lile lile?

Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, aliandika juu ya swali hilo, akizungumzia meli ya shujaa Theseus iliyotiwa mbao mpya kila za zamani zilipooza.

Waembu wana jibu lao. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mwili mpya, nafasi ile ile katika ukoo. Fundi naye huheshimu nafasi: hupima trei ya betri kwa futi, hutazama nguzo chanya iko upande gani, kisha hufunga boneti polepole, maana nguzo ikigusa chuma, cheche huruka. Seli 6, volti 12: huo ndio urithi.

Gari ni lile lile, basi. Betri kuukuu usiitupe shambani, risasi yake ni sumu. Irudishe dukani ikayeyushwe, itengenezwe nyingine.