Nani Anastaafu Jikoni?

Nchini Tanzania mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na hulazimika kustaafu akifikisha 60. Hadi siku hiyo, kwa muda mrefu wa utumishi wake, mlo wa mchana ameula nje ya nyumba: kwa mama lishe nyuma ya ofisi, kwenye kantini ya hospitali, au kibandani karibu na stendi. Akishakabidhi ofisi na kupokea kiinua mgongo, mlo ule hautoweki, unahamia nyumbani. Hapo ndipo watoto na majirani huanza kumpigia hesabu: ale nje mara ngapi kwa wiki ili pensheni ifike mwisho wa mwezi? Swali hilo lina busara yake, lakini limeliacha kando jambo lenye uzito zaidi. Chakula cha nyumbani hakijipiki. Kabla ya kuuliza kinagharimu shilingi ngapi, inafaa tuulize kinagharimu saa za nani. Ninachodai ni kwamba uamuzi wa mstaafu kula nje au nyumbani ni suala la haki kabla ya kuwa suala la bajeti au la afya, na kwamba kula nyumbani kuna fadhila pale tu anayekula anapoishiriki kazi ya kupika, au anayepika anapokuwa na uhuru wa kweli wa kusema leo sipiki.

Wachumi wamelitazama jambo hili kwa makini kuliko wanateolojia. Kwa muda mrefu walishangazwa na kitu kimoja: watu wakistaafu, fedha wanazotumia kwa chakula hushuka ghafla, ingawa kustaafu si ajali na mtu hukuona kunakuja miaka mingi kabla. Wengine walihitimisha kwamba wastaafu wanakula vibaya kwa kukosa akiba. Mwaka 2005 Mark Aguiar na Erik Hurst walichapisha katika Journal of Political Economy utafiti uliofumbua fumbo hilo kwa takwimu za Marekani. Walikuta kwamba matumizi ya fedha kwa chakula hushuka kwa asilimia 17 wakati wa kustaafu, huku muda wa kununua na kuandaa chakula ukiongezeka kwa asilimia 53. Walipochunguza kumbukumbu za vyakula vilivyoliwa hasa, hawakuona kiasi wala ubora wa chakula ukipungua. Nadharia nyuma ya matokeo hayo ilikuwa imekwisha kuwekwa na Gary Becker mwaka 1965: mlo hutengenezwa kwa vitu viwili, fedha na muda, na anayepungukiwa na kimoja hujazia kwa kingine. Mstaafu hana mshahara lakini ana saa, basi hununua bamia sokoni na kuipika mwenyewe badala ya kulipia sahani iliyokwisha kupikwa.

Hoja hiyo ni nzuri, ila inasimama juu ya sharti moja: saa zinazojazia upungufu wa fedha ziwe za mstaafu mwenyewe. Katika nyumba nyingi za kwetu sharti hilo halitimizwi. Bwana anastaafu, mlo wake wa mchana unarudi nyumbani, na saa za kuupika zinatoka kwa mke, kwa mkamwana, kwa mjukuu wa kike au kwa dada wa kazi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa duniani, na kupika ni sehemu kubwa ya kazi hizo. Na kupika kwetu si kuwasha swichi. Kuna kuchambua maharage, kukuna nazi, kuwasha mkaa, kusonga ugali, kisha kusugua masizi ya sufuria. Ikiwa mke naye alikuwa mwalimu au muuguzi, amestaafu kazi moja na kuongezewa mzigo katika ile ya pili. Hannah Arendt, katika kitabu chake The Human Condition cha mwaka 1958, aliitenga kazi ya namna hii na kazi za ufundi kwa sababu haiachi kitu kinachodumu: kinachopikwa huliwa, na kesho huanza upya. Kazi isiyo na mwisho haina siku ya kustaafu, isipokuwa mtu mwingine aamue kuipokea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mstaafu aliyerudi nyumbani na kusubiri sahani mezani mwezi baada ya mwezi amekuwa mgeni asiyekabidhiwa jembe.

Wapo watakaosema kwamba dini zimekwisha kulimaliza jambo hili: kula nje bila dharura ni israfu, na mzee hasa anapaswa kujizuia. Tuzirudie dini zenyewe. Kurani, katika sura ya 7 aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na kukataza kupita kiasi. Katika sura ya 25 aya ya 67 inawasifu wanaotumia mali bila ufujaji na bila ubahili, wakikaa kati na kati. Kipimo hapo ni kiasi, na mahali pa kulia hapajatajwa. Sura ya 24 aya ya 61 inakwenda mbali zaidi: inawataja kipofu, kiwete na mgonjwa, inaorodhesha nyumba za jamaa na za rafiki ambamo mtu anaweza kula bila lawama, na inasema hakuna ubaya kula pamoja au mmoja mmoja. Kwa upande wa Biblia, Mhubiri, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa wepesi, anarudia zaidi ya mara moja kwamba mtu kula, kunywa na kufurahia jasho lake ni zawadi ya Mungu. Kwa hiyo sahani ya wali maharage kwa mama lishe haiwezi kuitwa dhambi kwa sababu tu imeliwa nje. Na pishi la nyumbani la sufuria tatu, nusu yake ikamwagwa, haliwi takatifu kwa sababu limetoka jikoni kwako.

Mahali ambapo dini zina neno kali zaidi ni kwenye utumishi wa mezani. Ibrahimu alikuwa na miaka 99 wageni watatu walipomjia kwenye mialoni ya Mamre. Kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha mzee huyo akikimbia, kwanza hemani na kisha zizini kuchagua ndama, na mwishoni akisimama karibu na wageni wakati wanakula. Kurani nayo inamtaja akienda mwenyewe na kurudi na ndama aliyenona, akiwasogezea. Kweli, katika Mwanzo ni Sara aliyekanda unga naye akiwa bibi kizee, lakini mume hakukaa akisubiri. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Injili ya Yohana, sura ya 21, inamwonyesha Yesu baada ya kufufuka akiwa ufukweni na moto wa makaa, samaki na mkate, akiwaandalia wanafunzi wake kifungua kinywa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo watawa wa Peramiho na Ndanda wanaiishi hadi leo, inaagiza katika sura ya 35 kwamba ndugu wapokezane zamu za jikoni, na katika sura ya 37 inawahurumia wazee kwa kuwaruhusu kula kabla ya saa iliyopangwa. Huruma kwa mzee na zamu ya jikoni vimewekwa karibu karibu, na kimoja hakikufuta kingine.

Pingamizi la kwanza ni la mila: mzee wa heshima kushika mwiko ni aibu kwa mkewe, na mwanamke mwenyewe anapenda kumpikia mumewe. Siupuuzi upendo huo. Wako wanawake wanaoipika pilau kwa fahari na hawataki mkono wa mtu jikoni. Lakini zawadi hujulikana kwa uhuru wa kutoitoa. Kipimo chake ni rahisi: siku anayepika aseme amechoka, kunatokea nini? Ikiwa jibu ni kununa, maneno, au kikao cha ukoo, basi kilichokuwa kikiitwa upendo kilikuwa zamu isiyo na mwisho. Na kuhusu heshima, mzee aliyewaongoza watu ofisini kwa miaka mingi hapungukiwi na kitu kwa kuchemsha chai ya asubuhi na kuosha vikombe. Wapishi wa shughuli, wanaosimamia masufuria ya pilau na biriani harusini na misibani, mara nyingi ni wanaume, na hakuna anayewadharau. Aibu basi haiko kwenye kupika. Iko kwenye kupika bila malipo na bila kutazamwa, na hilo ndilo alilolibeba mwanamke.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kula nje hakuondoi mzigo, kunauhamisha tu kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine. Mama lishe naye huamka alfajiri, hukaa kwenye moshi, na mara nyingi akirudi jioni huanza kupika tena kwake. Ni kweli. Tofauti ni kwamba yeye anapanga bei, anapokea fedha mkononi, na ana siku anayoweza kufunga banda. Kazi yake inaonekana na kuhesabiwa. Lakini pingamizi hili linamtaka mstaafu awe mteja mwenye haki: asidai nyongeza ya nyama kwa sababu ya mvi zake, asikopeshwe wiki nzima kisha abadilishe njia. Kanuni hiyo hiyo inamhusu dada wa kazi. Nyumba inayojisifu kwamba haili nje, huku ikimlipa msichana ujira mdogo kwa kupika mara tatu kwa siku, inanunua chakula kilichopikwa na mwingine kama anayekula mgahawani, ila kwa bei ya dhuluma.

Pingamizi la tatu ni fedha na afya. Wastaafu wengi hawana cha kuchezea. Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni ya serikali, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kisichoruhusu mazoea ya mgahawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, na mwenye shinikizo la damu anayekula kwenye sufuria asiyoiona ikikolezwa hana njia ya kujua amekula kiasi gani. Nakubali yote mawili, na ndiyo maana sisemi mstaafu ale nje kila siku. Lakini hoja hizi zinathibitisha kwamba ni vyema kupika nyumbani. Hazisemi nani apike. Mwenye pensheni ndogo na presha ya kupanda ana sababu mbili za ziada za kujifunza mwenyewe kupima chumvi. Na kwa anayeishi peke yake, kuwasha mkaa kwa mlo wa mtu mmoja huenda kusiwe nafuu kuliko sahani moja ya kibandani, hasa kama uvivu wa kujipikia unamfanya alale na chai na mkate.

Huyo anayeishi peke yake anatukumbusha upande mwingine wa haki. Mjane na mgane hawana wa kumgawia zamu. Wanachokosa ni mwenza wa kula naye. Seneca anamnukuu Epikuro akishauri mtu atazame kwanza atakula na nani, kisha ndipo atazame atakula nini. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, alitenga kitabu kizima kwa adabu za kula, na sehemu kubwa yake inahusu kula na wenzako na kumkirimu mgeni. Mwaka 1972 Marekani ilianzisha kwa sheria mpango wa taifa wa chakula kwa wenye miaka 60 na zaidi, unaowakutanisha wazee mezani, kwa kutambua kwamba upweke nao hudhoofisha mwili. Kwa mzee wa namna hii, meza ya mama lishe yenye salamu na mabishano ya mpira ina thamani isiyoandikwa kwenye bei. Watoto wanaomkataza kwenda huko kwa jina la kubana matumizi, nao hawaji kula naye, wanamnyima kitu wasichokilipia.

Kwa hiyo hakuna idadi moja ya siku inayowafaa wastaafu wote, na anayeitoa anakisia. Lililo wazi ni mpangilio wa maswali. Kwanza nani anapika na kama anaweza kukataa. Pili nani anakula peke yake. Kisha ndipo zije shilingi na chumvi. Nyumba ambamo wote wawili wanashika mwiko inaweza kula ndani mwaka mzima bila dhuluma. Nyumba ambamo mmoja tu ndiye anayeshika, itenge siku zake za kula nje kama haki ya mpishi, hata kama ni chipsi mayai za kona ya mtaa, na mstaafu aanze kujifunza kupika angali na nguvu. Kama umestaafu, usiamue utakula nje mara ngapi kabla hujamuuliza anayekupikia angependa kupumzika siku ngapi.