Umepokea kwa Nani?

Maalim wangu wa chuoni, Pemba, ukimletea habari hakuuliza kwanza ilikuwaje. Aliuliza, “Umepokea kwa nani?” Nimeishi Montreal miaka kumi na moja, nafanya zamu ya usiku ghalani, na swali lake ningali nalo.

Mwenzangu wa zamu, mzee wa hapa hapa, humhadithia Georges Vézina kama sisi tunavyohadithia mawalii. Kipa wa Canadiens, timu ya hoki ya barafuni ya hapa Montreal, mzaliwa wa Chicoutimi, hakukosa mechi tangu 1910: mechi 328 za ligi mfululizo, uso wazi, bila barakoa. Tarehe 28 Novemba 1925 aliingia golini na homa kali. Wakati wa mapumziko akatapika damu, akarudi barafuni, akaanguka. Kilikuwa kifua kikuu. Alifariki tarehe 27 Machi 1926, akiwa na miaka 39.

Mzee akifika kwenye kuagana, sauti humkatika. Siku chache baada ya kuanguka, Vézina alikwenda chumba cha kubadilishia nguo, akaketi kwenye kona yake, machozi yakimtiririka, akivitazama viatu vyake vya barafuni. Aliomba kitu kimoja tu: jezi aliyoivaa fainali iliyopita. “Na aliacha watoto 22,” mzee humalizia.

Nikamuuliza kapokea kwa nani. Hakujua, nikatafuta mwenyewe. Machozi na watoto, vyote vinaishia kwa mtu mmoja: Léo Dandurand, meneja na mmoja wa wamiliki wa timu. Ndiye aliyewaambia waandishi wa habari kwamba Vézina ana watoto 22, wakiwemo mapacha watatu watatu mara tatu, wote ndani ya miaka tisa. Ndiye pia, pamoja na wenzake wawili, aliyetoa kombe la makipa linaloitwa Vézina hadi leo.

Watoto walikuwa wawili. Mdogo alizaliwa usiku ambao Canadiens walitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza, 1916, na baba yake akamwita Marcel Stanley.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume humwacha mpokezi aliyethibitika kusema uongo. Kwa kipimo hicho hata machozi yanapaswa kuachwa, na nakiri iliniuma, maana nami nimeyapenda. Nimeyaweka na hadithi dhaifu: nayasimulia kwa tahadhari, sijengi hukumu juu yake. Kuanguka kwa Vézina barafuni ni jambo jingine. Ukumbi mzima uliona, na habari iliyopokewa na umati namna ile haihitaji Dandurand.

Lakini watoto 22 siwezi kuwasimulia kabisa. Mtu atasema ni mzaha usio na madhara, tena unamkuza marehemu. Mimi naona ni dhuluma. Maiti hawezi kusimama akakanusha, na yatima wawili, mmoja hajatimiza hata miaka kumi, wamepotea katikati ya ishirini wasiokuwepo. Dini yangu imenifundisha kwamba mali ya yatima hailiwi. Sioni kwa nini huzuni yake iliwe.

Nilimweleza mzee tukiwa kwenye chai ya saa tisa usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza jina la yule mdogo, nikamtajia. Nawe ukija kumhadithia Vézina, taja watoto wawili.