Kabla ya Kuilaumu Klachi

Je, ni haki kumhukumu mtu kwa kosa ambalo chanzo chake hatujakitafuta? Swali hili kwa kawaida huulizwa mahakamani na katika vikao vya nidhamu. Mimi napenda kulipeleka karakanani, kwa sababu chuma hakijui kujitetea wala kudanganya.

Tulitazame trekta la minyororo la zamani, tuseme Caterpillar D7 ya miaka ya 1940. Matrekta ya minyororo ndiyo yaliyong'oa visiki Kongwa wakati wa Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947. Trekta hilo halina usukani. Nguvu hutoka katika injini, hupita klachi kuu, huingia katika giaboksi, kisha hugawanyika: kila mnyororo una klachi yake na breki yake. Dereva akitaka kwenda kulia huvuta wenzo wa kulia. Klachi ya kulia huachia, mnyororo wa kushoto huendelea kusukuma, na trekta hugeuka.

Sasa trekta hilo, likiwa na mzigo, linaanza kwenda kombo upande wa kulia bila kuamriwa. Mwenye pupa atasema giaboksi imekufa. Fundi mtulivu huuliza kwanza: je, minyororo yote miwili imelegea? Kama ni yote, ugonjwa uko kabla ya njia panda, katika klachi kuu au giaboksi. Kama ni mmoja tu, basi autafute upande ule ambao trekta linaelemea. Hutazama kama breki ya upande huo inakamata, na kama wenzo umerekebishwa sawasawa. Kisha hufungua plagi iliyo chini ya chumba cha klachi. Ikitoka oili, amepata jibu, lakini nusu tu. Klachi ile imeundwa kufanya kazi ikiwa kavu. Oili imetoka katika chumba cha gia kilicho jirani, kwa kupitia sili iliyochakaa. Klachi ndiyo inayoteleza, lakini sili ndiyo iliyovuja.

Wapo wanaoiosha klachi kwa mafuta ya taa na kurudi shambani. Kwa siku chache trekta hunyooka na kila mtu hufurahi, halafu kombo hurudi. Wahenga walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na watu tunawatendea vivyo hivyo. Mwanachuo wa ualimu anachelewa kila asubuhi katika mazoezi ya kufundisha. Anapewa onyo, ananyooka juma moja, kisha anachelewa tena. Onyo la pili, la tatu, halafu barua ya kumfukuza. Maonyo yale ni mafuta ya taa. Huenda ana mgonjwa anayemwogesha alfajiri, na hakuna aliyemwuliza. Huenda pia ni mvivu tu. Tofauti hiyo haionekani kwa nje, na barua ikishaandikwa, maisha ya kijana yamekwisha kugeuzwa.

Wengine watasema kwamba kutafuta chanzo ni kutafuta udhuru. Sikubaliani nao. Fundi aliyeigundua sili mbovu hasemi kwamba klachi ni nzima. Sahani zake zikiwa zimeungua, huzibadilisha. Shamba halilimwi kwa huruma, na watoto waliokaa bila mwalimu wamekosa somo lao, sababu iwayo yote. Kujua chanzo si kusamehe. Ni kujua kama adhabu yetu itaponya, au itakuwa ni kuosha tena kile kitakacholowa kesho.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuhukumu tunaruhusiwa, na mara nyingine tunalazimika, hasa sisi tuliokabidhiwa watoto wa watu. Tusichoruhusiwa ni kuhukumu huku plagi ikiwa bado imefungwa.