Mtoto Asiyeshika Kusoma Si Mvivu

Kwetu Wahaya wa Kagera shule ni heshima ya nyumba. Misheni ya Kashozi ilifunguliwa mwaka 1892, shule ya Ihungo ikafuata, na mwaka 1960 mwana wa Kamachumu, Laurean Rugambwa, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Kuanzia Katerero hadi Nshamba utasikia wazee wakitaja maprofesa na madaktari waliotoka vijijini kwao. Ni jambo la kujivunia, ila lina upande mchungu. Mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, huonekana ameitia nyumba aibu, na aibu hiyo mara nyingi huishia mgongoni mwake.

Wapo watoto ambao akili zao ni timamu, wanaona na kusikia vizuri, na shuleni hawakosi, lakini herufi hazikai. Wataalamu huiita hali hii disleksia. Mtoto hupata shida kuzigawa sauti zilizomo ndani ya neno na kuzifunga kwenye herufi zake. Si laana na si uzembe, na mara nyingi hutembea katika ukoo: ukiuliza vizuri utasikia kwamba baba naye aliacha shule darasa la nne, au kuna mjomba fundi hodari ambaye risiti zake huandikiwa na mkewe. Wala si jambo lililozuka jana. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na mzuri wa hesabu, aliyeshindwa kusoma baada ya miaka ya kufundishwa. Mwalimu wake alisema kijana huyo angewapita wenzake wote shuleni kama masomo yangetolewa kwa mdomo tu.

Kwetu hali hii hujificha, kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hata mtoto mwenye disleksia anaweza kujikongoja silabi kwa silabi akafika mwisho wa sentensi. Kinachomsaliti ni mwendo: wenzake wamemaliza ukurasa, yeye yuko mstari wa pili, na akifika mwisho hajui alichosoma. Pili, madarasa yetu yamejaa, na kusoma hufanywa kwa kuitikia pamoja. Mwalimu anagusa ubao kwa kijiti, sauti sabini zinapaa. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hukariri ukurasa mzima. Nyumbani anaufungua mbele ya bibi yake na kuutiririsha bila kosa, bibi anafurahi. Sasa ziba picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa, muulize ni neno gani. Atarudi mwanzo wa mstari na kuanza kuimba upya mpaka afike hapo, au atakutazama usoni akibahatisha. Zoezi hilo halichukui hata dakika tano, nalo litakuambia mengi kuliko ripoti ya mwisho wa muhula.

Angalia na daftari. Mtoto wa Muleba akiandika “kurara” badala ya “kulala”, usishtuke: r na l hazitengani katika Kihaya, naye ameandika kwa uaminifu kile anachosikia nyumbani. Sikio lake na mkono wake vinaelewana. Wa kutiliwa shaka ni yule anayeandika “mbuzi” kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, “buzi”, “mubzi”, “muzi”, huku b na d zikibadilishana nafasi, na jambo hilo likaendelea mwaka wa pili na wa tatu. Hesabu za kichwani anaziweza. Kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, anazijua ndizi za kupika na za pombe kwa majina yake, na senene wakianguka Novemba anajua bei yao ya asubuhi na ya jioni. Mpe hesabu ile ile ya senene kwa maandishi, atakwama kwenye sentensi ya kwanza.

Kabla ya kusema ni disleksia, ondoa sababu nyingine. Mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Jiulize pia kama Kiswahili chenyewe anakijua, maana watoto wengi wa vijijini hukutana nacho kwa mara ya kwanza siku wanayoanza shule. Mwambie akusimulie kisa kwa Kihaya. Akisimulia vizuri kwa Kihaya, na Kiswahili cha kuongea anakimudu, lakini maandishi yanamgomea, hapo una sababu ya kwenda kwa mwalimu.

Fimbo haifundishi herufi. Bukoba haijasahau Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano alipofariki baada ya kuadhibiwa na mwalimu. Lile halikuwa suala la kusoma, lakini lilituonyesha tunakoweza kufika na mazoea ya kuchapa. Mtoto anayepigwa kwa kukosea kusoma hujifunza kuogopa kitabu, na utoro huanzia hapo. Kumrudisha darasa nako hakumsaidii akirudishiwa ufundishaji ule ule. Twisheni ya jioni ambayo ni kuitikia kwa pamoja upya, kwa maoni yangu, ni fedha iliyotupwa.

Kinachosaidia ni kidogo, cha kila siku, na cha polepole. Dakika kumi na tano baada ya chakula, sauti moja kwa wakati. Aichore herufi kwa kidole kwenye udongo huku akiitamka, apige makofi kuhesabu silabi za majina ya ndugu zake, ajenge maneno kwa vipande vya boksi vyenye “ba”, “ka”, “ma”. Miunganiko kama “mb”, “ng'w” na “ny” isubiri mpaka silabi nyepesi zikae. Msomee na hadithi, ili akili yake isidumae kwa kusubiri macho. Asomeshwe na mtu mvumilivu, hata akiwa dada yake wa darasa la sita. Baba mwenye hasira za karibu akae mbali na zoezi hili.

Serikali nayo ina wajibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto elimu, nayo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kupata nafasi sawa ya kusoma. Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, na Bukoba ina shule ya Mugeza Mseto, inayopokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine. Lakini ulemavu usioonekana kwa macho hauna wa kuusemea. Mtoto asiyeona hupewa kitabu cha nukta nundu; huyu wetu hupewa jina la mjinga.

Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto wa darasa la pili au la tatu, usingoje upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ukuletee habari. Chukua daftari lake wiki hii, nenda kamwone mwalimu wa darasa, mkae naye mkalisome pamoja. Muombe amkalishe mtoto mbele, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, na ampe muda zaidi wa kujibu. Na jina lake lifike mapema kwa mwalimu mkuu, kwa sababu muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu huombwa na shule kabla ya mtihani, wala hauombwi siku ya mtihani.